Jogoo akiugua ghafla, uchunguzi utangulie dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowapata mara kwa mara watu wanaofuga kuku wachache nyumbani, na ambalo kwa maoni yangu hujibiwa vibaya karibu kila linapoulizwa. Mfugaji anafungua banda asubuhi, mitetea wanatoka, lakini jogoo anabaki pembeni amejikunyata, manyoya yamemsimama, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu, na alfajiri hakuwika. Jana yake alikuwa mzima, au ndivyo alivyoonekana. Mfugaji anaanza kutafuta msaada, na swali lake huwa moja tu: nimpe dawa gani? Anayeulizwa, awe jirani, awe muuza dawa za mifugo, awe mwandishi wa safu ya ushauri gazetini, naye hutaja dawa palepale, mara nyingi antibayotiki ya unga ya kuchanganya kwenye maji, bila kuuliza hata umri wa ndege mwenyewe. Dawa hiyo huenda ikafaa, huenda isifae kitu. Aliyeitaja hana njia ya kujua.

Ninachodai ni kwamba jogoo anayeugua ghafla anatakiwa kwanza atengwe, kisha ashikwe na kuchunguzwa, kisha auguzwe, na dawa, kama ipo inayofaa, ije baada ya hayo. Utaratibu huu haumhitaji msomi. Mtu yeyote mwenye mwanga wa kutosha na nusu saa ya utulivu anaweza kuufuata, na hata akishindwa kuutambua ugonjwa, atakuwa amekusanya habari zitakazomsaidia daktari wa mifugo kuliko kuambiwa tu kwamba jogoo anaumwa.

Kutenga kunatangulia kwa sababu mgonjwa mmoja ni habari ya kundi zima. Ikiwa maradhi ni ya kuambukiza, kila saa anayokaa na wenzake akinywa kwenye chombo kimoja nao ni hasara, na ikiwa si ya kuambukiza, bado atakuwa salama zaidi akiwa peke yake, kwa kuwa kuku hawana huruma na mwenzao aliyedhoofika na humdonoa hata mkubwa wao wa jana. Tenga au boksi lenye matandiko makavu, mahali pasipo na upepo wala kelele, panatosha. Mgonjwa ahudumiwe wa mwisho, baada ya wazima, na mikono ioshwe kwa sabuni, viatu visafishwe, na vyombo vyake visirudishwe bandani. Wakati huohuo wale waliobaki watazamwe: je, kuna mwingine anayekohoa, anayehara, aliyepunguza kula, au tetea aliyeacha kutaga? Jogoo mmoja akiugua kati ya kundi zima lenye afya, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa jeraha, sumu, minyoo, tatizo la gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo) au maradhi ya muda mrefu. Wakiugua watatu kwa siku mbili, hilo ni jambo jingine, na nitalirudia.

Ukimtenga, mshike. Sehemu ya kwanza ya kupapasa si kichwa wala tumbo, ni kidari. Pitisha vidole juu ya mfupa wa katikati ya kifua na usikilize nyama ya pande zote mbili. Jogoo mwenye afya ana nyama iliyojaa pande zote, na mfupa wenyewe hauchomozi sana. Ukikuta mfupa umechongoka na kukata kiganja kama makali ya kisu, basi ugonjwa huo haukuanza leo wala jana, hata kama wewe umeuona leo. Kuku ni ndege anayewindwa, na ndege wa namna hiyo huficha udhaifu mpaka nguvu za kuficha zimwishie. Jogoo huficha zaidi kwa sababu akionekana mnyonge atapokonywa nafasi yake. Juu ya hayo ana desturi ya kuwaita mitetea anapoona chakula na kuwaachia wao wale, hivyo kumwona karibu na chombo cha chakula kila siku hakuthibitishi kwamba anakula. Manyoya nayo hufunika yote hayo. Mkono tu ndio utakaokuambia.

Jambo hili la kidari nalitilia mkazo kwa sababu linagawa maradhi katika mafungu mawili makubwa kabla hujajua jina la ugonjwa wowote. Jogoo aliyekonda anaelekeza kwenye minyoo, utitiri, njaa ya muda mrefu inayotokana na kufukuzwa chakulani, ugonjwa wa Marek, au kitu kingine kinachokula polepole. Jogoo mnene, mwenye uzito wake kamili, ambaye amelala chini hawezi kusimama, ndiye aliyeugua ghafla kwelikweli, na hapo fikra ziende kwenye sumu, joto kali, jeraha la ndani, mdondo (kideri), kipindupindu cha kuku au mafua makali ya ndege. Kumpa huyu wa pili dawa ya minyoo ni kupoteza saa ambazo hana, na kumpa yule wa kwanza antibayotiki huku utitiri ukiendelea kumnyonya damu kila usiku hakumsaidii pia.

Baada ya kidari, tazama upanga wake wa kichwani na ndevu zake, zile nyama nyekundu zinazoning’inia chini ya mdomo. Wekundu wake ni dirisha la damu. Upanga uliofifia na kuwa mweupe mweupe unaonyesha upungufu wa damu, na sababu ya kawaida ni utitiri mwekundu, ambao mchana hujificha kwenye nyufa za banda na kwenye vijiti wanavyolalia kuku, na usiku hutoka kunyonya. Mfugaji anayemchunguza jogoo saa nne asubuhi anaweza asione hata mmoja na kusema banda ni safi. Aende usiku na tochi, apitishe kitambaa cheupe chini ya kijiti cha kulalia, kisha atazame kitambaa kimebaki na madoa gani. Chawa, kwa upande wao, hukaa juu ya ndege mchana kutwa, na mayai yao hugandamana kwenye mashina ya manyoya karibu na njia ya haja. Ukipuliza manyoya hapo utayaona. Upanga uliogeuka rangi ya zambarau au kuwa mweusi una maana nyingine kabisa: hewa haifiki mwilini vya kutosha, na hali hiyo huonekana katika maambukizi makali na katika matatizo ya moyo na mapafu. Upanga wa namna hiyo haungoji kesho.

Uso uliovimba, macho yenye machozi na pua inayotoa kamasi yenye harufu mbaya ni dalili za mafua ya kuku yanayoletwa na bakteria, ambayo wataalamu huyaita koraiza. Harufu yake ikishakupata mara moja hutaisahau. Ndevu moja tu iliyovimba na kuwa ngumu inaweza kutokana na kidonda cha kupigana, au ikawa ni kipindupindu cha kuku cha muda mrefu, ambacho hupenda kujionyesha kwa majogoo namna hiyo. Kisha fungua mdomo. Utando wa njano unaoganda kooni unaweza kuwa ndui ya kuku ya aina ya ndani, na unaweza kuwa ugonjwa wa vimelea vya koo ambao njiwa hubeba. Usiubandue kwa nguvu, kwa kuwa utatoka damu na ndege anaweza kuziba pumzi. Vipele vikavu vyeusi juu ya upanga ni ndui ya nje, inayoenezwa na mbu, na jogoo wengi walioipata hupona wenyewe ndani ya wiki chache wakiendelea kula.

Gole linastahili aya yake, maana hapa wafugaji wengi hudhurika kwa ushauri wa haraka. Asubuhi kabla ya kula, gole la kuku mzima huwa tupu na huwezi kulishika. Likiwa limejaa na gumu asubuhi, limeziba, mara nyingi kwa nyasi ndefu, manyoya au kamba alizomeza. Likiwa laini, lenye maji yanayocheza chini ya vidole, na mdomo ukatoa harufu ya uchachu, basi chakula kimechacha ndani na fangasi wameota. Watu huambiana wamshike jogoo kichwa chini wamkamue. Wasifanye hivyo. Tundu la njia ya hewa la kuku liko wazi nyuma ya ulimi, na maji yanayorudi kwa nguvu huingia mapafuni. Ndege anayekufa mikononi mwa mwenyewe kwa njia hii hakuuawa na gole. Gole gumu linaweza kulainishwa kwa kumpa maji matone matone na kulikanda taratibu mara kadhaa kwa siku, na lisipopungua kwa siku moja au mbili, daktari wa mifugo anaweza kulipasua na kulisafisha, upasuaji ambao si mkubwa. Ila ikumbukwe kwamba gole hujaa pia pale utumbo unaposimama kwa sababu ya ugonjwa mwingine, kwa hiyo gole lililojaa si lazima liwe ndilo chanzo.

Shingo na miguu huzungumza wazi kuliko sehemu nyingine. Shingo iliyopinda na kujisokota, kichwa kikitazama juu au nyuma, ni dalili inayojulikana ya mdondo, ingawa si ya mdondo peke yake. Shingo iliyolegea kabisa, kichwa kikilala chini, kope zikishindwa kufunguka na manyoya yaking’oka kwa urahisi, inaelekeza kwenye sumu ya botulismu, ambayo kuku huipata kwa kudonoa mzoga uliooza au funza waliomo ndani yake. Tofauti kati ya kusokota na kulegea ni kubwa, na picha ya simu inayomwonyesha daktari tofauti hiyo ina thamani kuliko maelezo ya maneno mia. Mguu mmoja ukinyoshwa mbele na mwingine nyuma kwa jogoo kijana, fikiria ugonjwa wa Marek. József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria, aliueleza mwaka 1907 baada ya kuwachunguza majogoo wanne waliopooza, na hadi leo hauna tiba. Chanjo yake hutolewa kwa vifaranga wapya wa kutotolewa, basi. Kabla ya kwenda mbali huko, hata hivyo, geuza nyayo. Uvimbe wenye gamba jeusi chini ya unyayo ni jipu la bakteria lililoingia kwa mkwaruzo, na jogoo mzito anayeruka kutoka kijiti kirefu hulipata kwa urahisi. Anayechechemea kwa jipu huonekana kwa mbali ni mgonjwa wa kupooza.

Kuhusu kinyesi nitakuwa mkali kidogo. Imeenea imani kwamba kinyesi cha kijani ni mdondo, na watu huhukumu kundi zima kwa rangi hiyo. Ni kweli kwamba kuku mwenye mdondo huhara kijani. Ni kweli pia kwamba kuku yeyote asiyekula kwa siku moja au zaidi hutoa kinyesi cha kijani, kwa sababu nyongo inaendelea kumwagika kwenye utumbo usio na chakula cha kuipa rangi nyingine. Kijani peke yake kinathibitisha njaa tu. Vilevile kuku mwenye afya hutoa mara chache kwa siku kinyesi cha kahawia kinachonata na chenye harufu kali kutoka kwenye vifuko viwili vya utumbo, na mfugaji mgeni hukiona akadhani jogoo anahara. Weupe juu ya kinyesi ni mkojo, si ugonjwa. Damu ndiyo ya kuogopwa, na kwa kawaida huletwa na koksidia, vimelea vya utumbo, lakini hapo ndipo umri unapohitajika: koksidia huua zaidi vifaranga na kuku wadogo wa wiki chache, kwa kuwa waliokua kwenye banda lenye vimelea hivyo huwa wamejijengea kinga. Gumboro nayo, ambayo hutajwa kila kuku anapokufa, hushambulia hasa wa umri wa wiki 3 hadi 6. Jogoo wa miaka miwili anayepewa dawa ya koksidia kwa kuwa “wote huwa wanapewa hiyo” anatibiwa ugonjwa wa watoto wake.

Nimefika kwenye mdondo, ambao wengine huuita kideri na vitabu huuita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza ulikozuka mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana katika kisiwa cha Java. Aina yake kali inaweza kuua kundi karibu lote la kuku wasiochanjwa ndani ya siku chache. Kirusi chake hakiguswi na antibayotiki yoyote, iwe ya bei gani, iwe imechanganywa kwa makini namna gani. Hapana tiba. Kuna chanjo, na ile ya tone moja la jicho iitwayo I-2, iliyotengenezwa ili istahimili joto, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 na imewafaa wafugaji wa kuku wachache wasio na majokofu ya uhakika. Lakini chanjo huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga, na kumchanja jogoo ambaye tayari ameshalala ni kujifariji. Nasema haya kwa uwazi kwa sababu wafugaji huuziwa dawa za mdondo, na anayeuza huwa anajua, au angepaswa kujua, kwamba anauza matumaini.

Antibayotiki zina mahali pake. Koraiza, kipindupindu cha kuku na homa ya matumbo ya kuku ni maradhi ya bakteria na huitikia dawa iliyochaguliwa vizuri na kuanzishwa mapema. Kipindupindu cha kuku, ambacho viini vyake ndivyo alivyovitumia Louis Pasteur mnamo 1879 na 1880 alipokuwa akitafuta njia ya kudhoofisha viini ili viwe chanjo, kinaweza kumuua jogoo mnene usiku mmoja, kwa hiyo sishauri mtu angoje wiki nzima ya uchunguzi. Ninachopinga ni kubahatisha, na pia namna dawa zinavyotolewa. Ndege mgonjwa huacha kunywa. Dawa iliyotiwa kwenye maji ya kundi huwafikia wazima kwa wingi na mgonjwa kwa uchache, na kipimo hicho pungufu ndicho kinachowafundisha bakteria usugu. Dawa za jamii ya tetrasaiklini hushikwa na kalsiamu, kwa hiyo zikitolewa pamoja na maganda ya mayai au chokaa ya chakula cha mitetea hupungua nguvu. Jogoo mmoja apewe dawa yake mdomoni au kwa sindano, kwa kipimo cha uzito wake halisi, kwa siku zote alizoandikiwa hata akianza kuwika siku ya pili. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko uheshimiwe kabla ya nyama yake, au mayai ya mitetea waliokunywa maji hayohayo, kuliwa na mtu yeyote.

Wakati jibu la daktari au la maabara linasubiriwa, kuna kazi ya kuuguza, na kwa uzoefu wangu majogoo wengi huokolewa na kazi hiyo kuliko chupa yoyote. Maji kwanza. Mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, ule ambao watoto wanaoharisha hupewa, unafaa kwa siku ya kwanza, kisha arudishiwe maji ya kawaida. Chumvi isizidishwe kwa kubahatisha, kwa maana kuku hudhurika nayo upesi. Asilazimishwe kunywa kwa kumiminiwa kooni. Weka tone moja kwenye ukingo wa mdomo, subiri alimeze kwa hiari yake, ndipo uweke jingine. Anayeshindwa kumeza asipewe kitu kwa mdomo hata kidogo. Chakula kiwe laini na kidogo kidogo, na gole likiwa limejaa kisitolewe kabisa. Joto la mahali alipo liwe la nyuzi 27 hadi 30 hivi, kwa kuwa ndege asiyekula hana kuni za kujipashia. Hapa nitoe angalizo: joto la kawaida la kuku mzima ni nyuzi 41 hivi za Selsiasi, kwa hiyo mkono wa binadamu humwona kila kuku ana homa, usitegemee kiganja.

Ipo hali moja isiyofuata kanuni hii ya joto. Jogoo anayehema mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, katikati ya siku ya jua kali, mara nyingi haumwi maambukizi bali amezidiwa na joto, na kumweka kwenye boksi lenye taa ni kumuua. Kuku hatoi jasho. Apelekwe kivulini penye upepo, miguu yake, upanga na ndevu vilowanishwe kwa maji ya baridi kiasi, yasiyo ya barafu, na apewe ya kunywa. Hali hii huonyesha mabadiliko ndani ya saa moja. Isipoonyesha, utafute sababu nyingine. Sumu nayo inataka haraka ya aina yake: zunguka mahali anapojitafutia chakula uone kama kuna mbegu zilizopakwa dawa, chambo cha panya, kopo la dawa ya wadudu au mzoga, na chochote utakachokiona kichukue pamoja na kibandiko chake umwonyeshe daktari. Nusu saa hiyo ya kutembea uani hutoa majibu ambayo mwili wa ndege hautoi.

Nilisema nitalirudia suala la vifo vingi kwa mpigo. Mdondo na mafua makali ya ndege yamo katika orodha ya maradhi yanayopaswa kutolewa taarifa kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na serikali hutegemea wafugaji wadogo kusema mapema. Mwaka 1997 huko Hong Kong kirusi cha mafua ya ndege cha H5N1 kiliwapata watu 18 na kuua 6 kati yao, na tangu hapo hakuna sababu ya mtu kuchinja haraka kuku wanaokufakufa ili nyama isipotee. Kuku wakifa kadhaa ndani ya siku mbili tatu, vichwa vimevimba na panga zimegeuka nyeusi, asiguse mtu kwa mikono mitupu, watoto wawekwe mbali, asiuzwe wala kugawiwa ndege yeyote, na ofisi ya mifugo iliyo karibu ijulishwe siku hiyohiyo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kwamba kuku wao wote watateketezwa. Woga huo naufahamu, lakini kunyamaza huwapelekea majirani ugonjwa, na kuku wa mwenye kunyamaza nao mara nyingi hawabaki.

Akifa mmoja, mzoga wake bado una kazi. Maiti ya kuku huharibika upesi, kwa hiyo itiwe katika mifuko miwili ya plastiki, iwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, na ipelekwe maabara ya mifugo siku hiyo au kesho yake. Daktari anayefungua mzoga huona kwa dakika chache mambo ambayo wiki ya kubahatisha haiyaonyeshi: vidoa vya damu kwenye tumbo la tezi katika mdondo, ini lililovimba na kugeuka rangi ya shaba yenye ukijani katika homa ya matumbo ya kuku, vidoa vyeupe vidogo vidogo kwenye ini katika kipindupindu cha kuku, mafundo ya minyoo yaliyoziba utumbo. Uchunguzi huo haumfufui jogoo, lakini kwa mwenye mitetea kumi na mmoja waliobaki ndio utakaoamua kama watachanjwa, watatibiwa, watapewa dawa ya minyoo, au hawatapewa chochote.

Kwako Mhariri, ombi langu ni la kitaaluma. Safu za ushauri wa ufugaji zinasomwa na watu wengi, na jibu linalotaja dawa na kipimo chake kabla ya kutaja umri wa ndege, chanjo alizopata, hali ya kidari chake, rangi ya upanga wake na idadi ya wagonjwa bandani, linawafundisha wasomaji wote kununua kwanza na kufikiri baadaye. Wahariri wa safu hizo wangeweza kumrudishia muulizaji maswali hayo hadharani, hata kama jibu litachelewa toleo moja. Najua wapo watakaosema kwamba mfugaji wa jogoo mmoja hana daktari wa mifugo karibu, na kwamba dawa ya kubahatisha ni afadhali kuliko kukaa bure. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli kwa wengi. Nusu ya pili si kweli, kwa kuwa kutenga, kupapasa kidari, kukagua gole, kwenda bandani usiku na tochi na kumpa mgonjwa maji tone kwa tone si kukaa bure, na mfugaji asiye na daktari ndiye anayehitaji kuyajua haya kuliko mwenye naye.

Limebaki jambo moja ambalo washauri huliacha kabisa, nalo ni kumrudisha jogoo aliyepona. Kuwika na kula havitoshi kuwa kibali. Kuku aliyepona koraiza anaweza kubaki na viini na kuwaambukiza wengine akiwa haonyeshi dalili yoyote, na aliyepona homa ya matumbo ya kuku vivyo hivyo, tena viini vya ugonjwa huo hupita kutoka kwa tetea aliyeambukizwa hadi ndani ya yai na kutoka pamoja na kifaranga anapototolewa. Kwa jipu la unyayo, gole lililoziba au joto, jogoo arudi mara tu anapoweza kujitetea, ikiwezekana jioni wakati wenzake wanapanda kulala ili kusiwe na ugomvi mkubwa. Kwa maradhi ya bakteria niliyoyataja, apimwe damu kwanza pale kipimo kinapopatikana, na pasipopatikana, maoni yangu ni kwamba aishi peke yake au achinjwe baada ya muda wa kusubiri dawa kwisha, wala asirudishwe kupanda mitetea ambao mayai yao yanategemewa kutotolewa.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa nyumbani